Kapu Lisilo na Kitako

Usiku wa kuamkia safari sikupata usingizi kwa sababu ya swali moja: mtu akiniuliza njiani nimebeba nini, nitamjibu nini?

Najua mtacheka. Maswali yenu tangu nirudi ni mengine kabisa: mbona sikuonekana ofisini siku ya kwanza ya kazi, ilhali ami alikuwa ameshanisemea, mbona sikupiga simu, na je, ni kweli kwamba nilikwenda Mombasa nikawasomea watu Kurani? Nimechoka kueleza mlango kwa mlango, na kila nikieleza nakumbuka baadaye kitu nilichopaswa kukisema. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Ila siwezi kuanzia ofisini. Lazima nianzie kwenye kapu.

Wengi wenu mmeliona nyuma ya mlango wa Bibi. Limesukwa kwa ukindu, lina mistari myekundu na ya zambarau, ni pana kama pipa la maji, refu kunifika kifuani, na halina kitako. Juu wazi, chini wazi. Bibi alizaliwa Mombasa, akaletwa Mumias akiwa bibi harusi, na hakurudi kwao tena. Mwaka wake wa mwisho, nilipokuja likizo kutoka chuo kikuu, aliniambia, "Nakushonea kitu chako. Usiniulize." Mimi ambaye huuliza kila jambo mara tatu, siku hiyo sikuuliza. Alifariki kabla sijamaliza masomo. Tulilikuta kapu chini ya kitanda chake, limekunjwa, na sindano yake bado imechomekwa ukingoni.

Shangazi alisema ni gunia, mauti yaliwahi kabla ya kitako. Ami alisema likiwekewa ubao chini litafaa kwa mahindi. Mimi niliyesomea uchoraji na kazi za mikono sikuwa na neno. Niliogopa kulimaliza vibaya, maana mtu wa kunikosoa hayupo. Niliogopa pia kuliacha vile, maana tulikuwa tunaishi wawili tu katika nyumba ya Bibi, mimi na hilo kapu, na kuna asubuhi nililisalimia.

Redioni walipotangaza maonyesho ya kazi za mikono Mombasa, na kwamba wakati huohuo kungekuwa na maonyesho ya vitu vya nyumba za zamani huko Mji wa Kale, nilifikiri: huenda huko yuko mtu mmoja atakayelitazama na kulitaja jina. Nilikuwa na siku chache kabla ya kuanza kazi. Nikaenda.

Mumias hadi Nairobi

Swali lilikuja kabla umande haujakauka.

"Dada, hiyo ni nini?" utingo wa basi aliniuliza.

Nilikuwa nimeandaa majibu matatu. Nikachagua lililokuwa baya kuliko yote. "Ni ya maonyesho."

"Ya maonyesho ama ya kuku?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, kwa kuchelewa kidogo, kile kicheko cha mtu anayeomba asionekane amekasirika. Kisha nikakaa kilomita nyingi nikitafuta nilichopaswa kusema. Jibu zuri lilinijia Naivasha, na utingo alikuwa ameshashuka Nakuru.

Nairobi nililala chumbani kwa rafiki niliyesoma naye. Mwenyewe alikuwa amesafiri, ameacha ufunguo kwa bawabu. Nilikuwa nimeweka akiba ya maneno mengi ya kumwambia. Nilikula mkate na chai ya rangi, kapu likiwa kwenye kiti cha pili, kwa kuwa chumba hakikuwa na pahali pengine pa kuliweka. Ndivyo nilivyojieleza.

Nairobi hadi Maungu, na Maungu, na Maungu

Mwanamke aliyekaa karibu nami alipanda basi na maboksi matatu meupe, akayapakata kama watoto. Alijitaja kuwa ni Mama Njeri. Mumewe alikuwa mtu wa maghala ya Shimanzi, karibu na bandari, na maboksi yale yalikuwa na keki ya harusi ya mpwa wake.

"Mombasa hakuna keki?" nikauliza.

"Ziko. Lakini fundi wa hii ni shemeji. Ukinunua kwingine ni vita." Akalitazama kapu. "Na wewe umebeba nini?"

"Sijui," nikasema. Lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli.

"Ah. Basi sisi wawili tunabeba vitu vya kuogopesha."

Voi tuliipita salama. Karibu na Maungu basi likakohoa, likasimama. Dereva aliingia chini yake na hakutoka. Jua lilikuwa kali, ile barabara nyeusi inatetemeka, na ndani ya basi hapakukalika. Tulishuka wote. Mama Njeri alifungua boksi la juu kidogo, akachungulia, akalifunga kama mtu aliyeona nyoka.

"Sukari imeanza kutoa jasho! Dada, lete hilo lidude lako."

Tuliyapanga maboksi juu ya kifurushi cha nguo zake, tukayavika kapu kutoka juu. Liliingia kana kwamba lilipimwa. Juu tukatandika leso aliyoilowesha maji. Upepo ulipita katikati ya masuko, jua halikupita. Abiria wakaanza kuja kutazama.

"Kuna mgonjwa humo?" mzee mmoja akauliza.

"Kuna bi harusi," Mama Njeri akamjibu, "na bado hajatolewa, kwa hiyo rudi nyuma."

Tulikaa hapo mpaka vivuli vikarefuka. Tulikula mayai ya kuchemsha na chapati zake. Aliniuliza nakwenda kwa nani, nikamwambia kwa mtu nisiyemjua. Aliniuliza nitaonana na nani, nikasema sijui bado. "Njoo harusini basi," akasema. "Umeshailinda keki, lazima uile." Nikamshukuru nikampa sababu tatu za kutoweza. Zote zilikuwa za kweli na hakuna hata moja iliyokuwa sababu. Sababu yenyewe ni kwamba niliona atakuwa amesema kwa adabu tu, nami nikifika atashangaa.

Basi liliwaka mwishowe, na Mombasa tuliingia usiku. Mumewe alikuja na lori kumpokea, na jamaa wengine nyuma. Keki ilipanda kwanza, ikapitishwa mikono kwa mikono, kila mmoja akipiga kelele "Taratibu!" Mama Njeri alikumbuka kunipungia lori lilipokuwa limeshageuka. Sikumlaumu. Keki ilikuwa na watu wa kuipokea.

Majengo

Mwenyeji wangu, Bi Rukia, alikuwa binamu wa mke wa imamu wetu. Nyumba yake ilikuwa Majengo, ya udongo na mawe, ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Asubuhi yake, nilipoamka, alikuwa ameshakaa kitako mbele ya sinia.

"Sabalkheri, mwanangu. Umeamkaje?"

"Mzuri," nikasema, nikadhani tumemaliza.

"Na safari? Na uchovu? Na nyumbani umewaachaje? Wazee? Watoto? Mvua huko yanyesha?"

Kwetu salamu ni kubisha mlango. Kwake ilikuwa kuingia vyumba vyote, kimoja kimoja. Nilijibu kila swali kwa neno moja nikihisi ninafeli mtihani. Alinisogezea mahamri na mbaazi za nazi, akanitazama nikila mpaka alipotosheka.

"Umesoma, mwanangu?"

"Nimesoma."

"Mpaka wapi?"

"Nimehitimu."

Akaweka kikombe chini. "Mashaallah! Mtoto wa kike wa bara, na amehitimu! Chuo cha nani?"

Niliona swali ni geni, lakini nikajiambia labda ndivyo wanavyouliza pwani. "Cha Nairobi."

"Kumbe Nairobi nako kuna vyuo?"

"Viko vingi, Bi Rukia."

"Alhamdulillahi! Nasi huku twadhani wameshasahau dini."

Neno dini lilinigonga. Nikalitafutia maelezo mara moja, kama kawaida yangu: pengine kwake elimu yote ni dini. Nikaridhika. Akaendelea, "Basi Mungu ndiye aliyekuleta. Leo baada ya laasiri wanifuata kwa Bi Saumu, jirani. Mumewe ametangulia, naye yuko edani, hatoki. Twamsomea marehemu, na wasomaji wamepungua."

Mimi nilisikia tu "wanifuata" na "jirani". Nikasema nitamfuata.

Wenye kujua mmeshajua. Mimi nilijua baadaye. Kwetu Mumias pa kusomea Kurani tunapaita madrasa, na chuo ni kule kwenye majoho na vyeti. Kwa Bi Rukia chuo ndicho cha Kurani, hutajwa kwa jina la mwalimu wake, na kuhitimu ni kukimaliza Kitabu chote. Mimi madrasa niliiacha kwenye sura fupifupi.

Kwa Bi Saumu

Chumba kilikuwa kimejaa wanawake waliokaa kwenye mikeka. Bi Saumu, mfiwa, alikaa pembeni amejitanda. Nyuma yake palikuwa na cherehani iliyofunikwa shuka, maana marehemu alikuwa fundi wa kanzu. Kurani ilikuwa imegawanywa juzuu juzuu, kila mtu na yake, na kabla sijaketi vizuri nami nikawekewa yangu mkononi.

"Huyu ndiye yule aliyehitimu," Bi Rukia akanong'ona, kwa sauti iliyofika uani.

Herufi nazijua. Ninazisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na mawe yenyewe yako mbalimbali. Wale wenzangu walikuwa wanateremka na maji. Niliweka kidole kwenye mstari wa kwanza nikachezesha midomo. Kwanza nilifikiri nitapita hivyohivyo, hakuna atakayejua. Kisha nikakumbuka kwamba khitma, huko kumsomea marehemu Kurani nzima, haitimii mpaka kila juzuu isomwe. Nikijifanya nimesoma, marehemu ambaye sikumwona hata siku moja ataombewa kwa Kitabu chenye tundu, na tundu lenyewe nitakuwa mimi. Wengine walianza kufunga zao. Mmoja baada ya mwingine wakanitazama, kwa upole, wakinisubiri.

Niliinamisha kichwa ili jasho lisionekane. Ndipo nilipouona mkeka.

Ulikuwa na mstari mwekundu. Mstari ule ulikwenda mpaka ukingo wa kulia, ukakatika. Nikautafuta ulikoendelea, na nikaukuta ukingo wa kushoto, lakini si palepale. Ulikuwa umepanda kwa upana wa ukili mmoja, yaani ule utepe uliosukwa ambao mkeka hushonwa kwao. Nikaufuata tena kulia, ukakatika, nikaukuta kushoto, umepanda tena. Kidole kilichopaswa kufuata maneno kikawa kinafuata mshono. Mkeka mzima ulikuwa ukili mmoja. Ulizungushwa ukashonwa na wenyewe, ukazungushwa ukashonwa, kama uzi wa cherehani kwenye kidonge. Na kama ulizungushwa, basi zamani haukuwa na kulia wala kushoto. Ulisimama kama pipa. Halafu mtu akaukata toka juu hadi chini, ukalala.

"Kumbe lilikuwa kapu!" nikasema, kwa sauti.

Kisomo kikasimama.

"Nini kilikuwa kapu, mwanangu?" Bi Rukia akauliza.

"Huu mkeka."

"Huo ni mkeka."

"Ndiyo, lakini kabla ya..." Nikaziona nyuso zote. Nikaona kwamba hata nikieleza, juzuu bado ilikuwa mkononi mwangu. "Nisameheni," nikasema. "Hii sijui kuisoma. Mimi nilihitimu uchoraji."

Nikaifunga ile juzuu. Kisha pembeni, chini ya ule mtandio, nikasikia kitu nilichodhani ni kilio. Kilikuwa kicheko.

"Uchoraji!" Bi Saumu akasema. "Ewe Rukia, watuletea mchoraji aje kumsomea mume wangu!"

"Aliniambia amehitimu! Chuo cha Nairobi, ati, na viko vingi!"

"Wallahi, huko Nairobi watakuja kuwafungulia vyuo vya kuchora hata majini wenyewe."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mmoja alijifunika uso kwa leso, mwingine alimpiga mwenzake paja. Bi Saumu akajipangusa macho. "Marehemu hii angeipenda. Alikuwa mtu wa mzaha, walimwengu." Akaichukua ile juzuu mkononi mwangu, akawagawia kurasa wanawake watatu, kisha akanigeukia. "Kul-huwallahu waijua?"

"Naijua." Ni moja ya zile sura fupifupi.

"Basi isome mara tatu. Thawabu zake si haba."

Niliisoma. Katika safari nzima hapo ndipo mahali pa kwanza nilipojua ninachotakiwa kufanya.

Baadaye, kwenye kahawa na halua, niliwaeleza habari ya kapu. Walisikiliza kwa makini. "Mie mikeka naijua kwa kuikalia tu," Bi Saumu akasema. "Kesho upeleke kwa wenyewe, usikie watanenaje."

Uwanja wa Makadara

Maonyesho yalikuwa uwanjani Makadara, mabanda ya makuti yamepangwa mistari, kipaza sauti kikiwaita wazazi wa watoto waliopotea. Palikuwa na wachongaji wa milango, vinyago, vyondo vya Ukambani, kofia za kushonwa kwa mkono, na viatu vya ngozi vyenye harufu ya kuumiza kichwa. Nilipita na kapu langu begani na kila hatua nikasimamishwa. Walidhani nimepotea banda.

"Dada, hilo ni dema?" kijana mmoja muuza kofia akaniuliza. Dema ni mtego wa samaki.

"Dema la nchi kavu," mwenzake akamjibu. "Huoni? Samaki wa bara wapenda rangi."

Safari hii nilikuwa na jibu. "Mkisubiri kidogo mtanaswa nyinyi," nikasema. Wakapiga makofi. Nilitembea hatua kadhaa nikiwa na furaha isiyolingana na jambo lenyewe, nikageuka kumtafuta mtu wa kumwambia, hapakuwa na mtu.

Banda la mikeka lilikuwa mwisho. Mwenyewe aliitwa Bi Mwanasha, mwanamke mnene, ukili unatoka vidoleni mwake huku akiongea na watu wawili. Hakuniuliza nimebeba nini. Alinyoosha mikono, nikampa.

"Haujakatwa huu," akasema. "Nani kashona?"

"Bibi yangu."

"Yuwapi?"

"Ametangulia."

"Mungu amrehemu." Akatia mkono ndani, akaupitisha kwenye mshono, akizunguka, akipanda. Karibu na juu akasimama. "Mkono wake mzuri sana. Ila huku mwisho umelegea. Alikuwa mgonjwa?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimeutazama mshono ule kwa miezi na sikuwahi kuona mahali ugonjwa ulipoanzia.

"Nikatie wewe, mama," nikamwambia.

"Mie simkatii mtu. Nilivyolelewa, mkeka aukata aliyeushona. Akiwa hayupo, aukata aliyeshonewa. Alimshonea nani?"

"Mimi."

"Basi wangoja nini?"

"Nikikosea?"

"Wakosea vipi? Wafuata mstari toka juu hadi chini."

"Nikienda upande?"

"Utakuwa na mkeka wa upande." Watu walicheka, naye akacheka kidogo, akanirudishia. "Sikiza. Ukishaukata, kingo zake uzipinde siku iyo hiyo. Usilale nazo wazi, utafumuka wote."

Niliuliza pia kuhusu uzi, na upana wa pindo, na kama ni dhambi kuuacha. Akanitazama. "Mwanangu, huu ni mkeka. Si mahakama."

Ndia Kuu

Mchana nilikwenda kwenye maonyesho ya vitu vya kale, katika nyumba moja ya ghorofa huko Ndia Kuu. Nje palikuwa na joto na kelele za mikokoteni, na ndani palikuwa baridi na kimya. Niliona viti vya enzi vyenye migongo ya nyuzi, vitanda virefu vya kupandia kwa ngazi, vyetezo vya kufukizia udi. Niliona mbuzi ya kukunia nazi nyuma ya kamba, na kadi, usiguse. Asubuhi hiyohiyo Bi Rukia alikuwa ameikalia nyingine kama ile akikuna nazi ya mbaazi. Nilitamani kumwambia mtu.

Msimamizi, Bwana Omari, alikuwa mtu mwembamba wa miwani, mpole. Aliliona kapu kutoka mbali akaacha alichokuwa akifanya.

"Tafadhali," akasema, "usiniambie waenda kuukata."

"Sijui bado."

"Usiukate. Mikeka tunayo. Huu usiokatwa hatuna, maana nani huweka mkeka bila kuukata? Huukata, huutumia, huchakaa, hutupwa. Huu ungesimama pale, chumba cha pili, chini ya dirisha. Na jina lake tungeliandika. Aliitwa nani?"

"Mwanakombo."

"Wa hapa?"

"Alizaliwa hapa. Hakurudi."

"Basi atakuwa amerudi kwao," akasema.

Nikafumba macho. Nililiona jina lake ukutani katika mji aliousimulia mpaka nikaujua harufu, na watu wakipita wakilisoma. Bwana Omari aliona nimeguswa, akaongeza kwa wema, "Ukikatwa utakuwa mkeka tu, kama mikeka mingine. Fikiri. Kesho asubuhi niko hapa."

Kuniambia mimi nifikiri ni kama kumwambia samaki aogelee. Nilizunguka vichochoro mpaka miguu ikauma. Mabarazani wanawake na wanaume walikuwa wamekaa wakiongea, na kila nilipopita walinikaribisha kwa neno moja, "Karibu", nami nikajibu "Asante" nikapita, nikihesabu sababu. Nyuma ya kamba hautachakaa. Nikiukata, utaanza kuraruka palepale mkono ulipolegea. Nyuma ya kamba watu watamjua. Nikiukata, nani atamjua?

Nilikaa kwenye benchi la muuza viazi karai, kapu pembeni yangu.

"Sahani moja au mbili?" akauliza.

"Moja."

"Na mwenzio?" Akalielekezea kapu kidevu.

"Yeye hali."

"Basi mwambie asikodoe." Akaniongezea bajia mbili juu ya viazi, akaenda zake. Nilikula nikicheka peke yangu, na katikati ya kicheko nikaisikia sauti ya Bibi vilevile alivyosema. Nakushonea kitu chako. Hakusema anaacha kitu. Hakusema watu watazame. Na lile onyo la Bwana Omari, mkeka tu kama mikeka mingine, niliona kadiri nilivyoligeuza halinitishi. Mikeka mingine niliyoiona ilikuwa na watu juu yake.

Majengo tena

Asubuhi nilifunga mfuko. Basi la Nairobi lilikuwa linaondoka asubuhi hiyohiyo, na nikilikosa, kazi ya ami ingeanza bila mimi. Nilipitia Ndia Kuu kwanza. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu.

"Nimekuja kukuaga," nikaanza.

Bwana Omari alilitazama kapu. "Waenda nao."

"Naenda nao."

Hakuniuliza kwa nini. Maelezo yangu yote yakabaki mdomoni. Aliuweka mkono wake juu ya ukindu mara moja, kama mtu anayempa mtoto kwaheri. "Ukichakaa usiutupe," akasema. "Niletee kipande."

Kisha nikaenda kumuaga Bi Saumu, kwa kuwa yeye hawezi kutoka kuja kuniaga. Bi Rukia alinifuata na kifurushi cha mahamri ya njiani. Tuliketi.

"Mbona bado pipa?" Bi Saumu akauliza.

"Nitaukata nikifika nyumbani."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akalitazama kapu. Nami nilijiona: nimepiga magoti katika kile chumba cha Bibi, mkasi mkono mmoja, na ule mwisho mwingine wa mkeka hauna mtu wa kuushika. Nikafikiria basi. Nikamfikiria ami, na atakachosema, na nitakachojibu, na atakachojibu juu ya hicho. Nilikuwa nimeshafika mbali sana katika ugomvi huo nilipogundua kwamba mdomo wangu umekwisha kusema.

"Bi Saumu, niazime mkasi."

Akaigeukia cherehani. "Mkasi ulio humu ni wa marehemu."

"Basi samahani, sikujua."

"Sikusema sikupi."

Aliinuka, akafunua shuka kwenye cherehani, akautoa. Ulikuwa mkasi mkubwa wa fundi, mweusi, mzito. Aliujaribu hewani mara mbili, akanipa. Bi Rukia alilishika kapu juu, Bi Saumu akashika chini. Nilizunguka mara moja nikitafuta mahali. Nilizunguka mara ya pili.

"Mwanangu," Bi Rukia akasema, "hiyo ni tawafu ya Makka? Piga bismillahi."

Nikapiga bismillahi, nikakata. Ukindu ulilia kama majani makavu ya mahindi. Nilianzia juu, na mara nikafika palipolegea. Mkono ulisimama hapo. Kisha nikapita, nikaendelea hadi chini, na kapu likafunguka mikononi mwetu.

Halikutaka kulala. Lilizoea kusimama, kila tukilitandaza lajikunja. Bi Saumu akaketi ncha moja, Bi Rukia ncha ya pili, na katikati pakabaki pamevimba.

"Ndoo hapa basi, wasimama na mkasi kama askari," Bi Saumu akasema. "Pakalie hapo."

Nikakaa katikati, mkeka ukalala.

"Na basi lako laondoka lini?" Bi Rukia akauliza.

"Limeshaondoka."

Bi Rukia alichomoa sindano ya Bibi ukingoni ilipokuwa, akaitia uzi, akanipa, tukaanza kupinda.